Kibofu Kisichongoja: Tiba ya Kuchochea Neva na Ngazi ya Kuifikia

Yapo maradhi ambayo mwenye kuugua huyasimulia hata kwa mgeni wa siku moja: presha, sukari, maumivu ya magoti. Na yapo mengine ambayo mwanamke hukaa nayo miaka mingi bila ya mumewe, binti yake wala wifi yake kuyajua. Kutokwa na mkojo bila ya kukusudia ni katika hayo ya pili. Watu wa nyumbani huziona dalili zake, lakini hawazihusishi na ugonjwa. Mama ameacha kuhudhuria harusi na maulidi. Akialikwa mahali, jambo la kwanza analouliza ni choo kiko upande gani. Siku ya safari hanywi hata funda la maji tangu alfajiri. Bado ananunua pedi, ilhali hedhi yake ilikoma zamani.

Wengi hujiambia kwamba hayo ni mambo ya uzee, au ni malipo ya kuzaa watoto wengi, na kwamba hayana dawa. Ni kweli kwamba umri na uzazi huchangia. Lakini si kweli kwamba hayana dawa. Tiba zipo, na zimepangika kama ngazi: nyingine hazigharimu hata shilingi, na nyingine ni operesheni ya kutia mwilini kifaa kidogo cha umeme. Huenda umekwisha kusikia habari za kifaa hicho kutoka kwa jamaa walioko ng'ambo, wakikiita "betri ya kibofu". Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, kinamfaa nani, na kwa nini familia isianze kuchangisha fedha za kukitafuta kabla ya kujua mgonjwa wao ana aina gani ya tatizo.

Mazungumzo baina ya kibofu na ubongo

Figo hutengeneza mkojo usiku na mchana, na kibofu huupokea na kuuhifadhi. Kibofu cha mtu mzima huweza kuhifadhi takriban mililita 300 hadi 500, yaani kiasi cha chupa ndogo ya maji. Kinapojaa, neva zinazotoka kibofuni hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao uti huzifikisha kwenye ubongo. Ubongo hujibu ama "ngoja" ama "sasa". Ukisema ngoja, ukuta wa kibofu hutulia na misuli inayofunga mlango wake hukaza. Ukisema sasa, misuli ya mlango hulegea na ukuta wa kibofu hujikamua.

Neva zinazobeba mazungumzo haya hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, kupitia matundu madogo yaliyo kwenye mfupa bapa ulio juu ya kifandugu. Huko ndiko kifaa tunachokizungumzia kinakofanya kazi yake.

Aina za tatizo hazifanani

Tuchukue mfano wa wanawake wawili. Wa kwanza hutokwa na matone anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka sana au anaponyanyua ndoo ya maji. Akiwa ametulia hana shida. Huyu mlango wake umelegea. Misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo hubeba kibofu na mfuko wa uzazi, imechoka kwa sababu ya uzazi, uzito wa mwili, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo, au kukoma kwa hedhi.

Wa pili hana shida ya kukohoa. Lakini akisikia bomba la maji likifunguliwa, au akitia ufunguo mlangoni mwake, haja humjia ghafla na kwa nguvu, na mara nyingine humtoka kabla ya kufika chooni. Huenda mara nyingi mchana, na usiku huamka mara tatu au nne. Mlango wa huyu unaweza kuwa mzima kabisa. Kilichoharibika ni mazungumzo: kibofu kinajikamua kabla ya kupewa idhini. Tukiite kibofu chenye haraka.

Wapo wenye aina zote mbili kwa pamoja. Wapo pia ambao kibofu chao hakimwagi vizuri, kikajaa mno hata mkojo ukafurika kidogo kidogo. Kisukari cha miaka mingi huweza kuleta hali hiyo kwa kudhoofisha neva, na kwa wanaume tezi dume iliyovimba huweza kuziba njia. Tena yuko mwanamke ambaye, baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu mno, hutokwa na mkojo mchana na usiku bila ya kukoma. Huyo huenda ana fistula, yaani tundu baina ya kibofu na njia ya uzazi, na tiba yake aghalabu ni operesheni ya kuliziba.

Tofauti hizi ni muhimu kuliko jambo lolote jingine katika makala haya. Kifaa cha kuchochea neva kilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo yaliyoharibika, yaani kwa mwanamke wa pili, na kwa baadhi ya watu ambao kibofu chao hakimwagi ingawa hakuna kilichoziba. Hakikazi mlango uliolegea. Hakizibi fistula. Familia inayouza kiwanja kumpeleka mgonjwa wa aina ya kwanza akatiwe kifaa hicho itapoteza kiwanja, na mgonjwa atarudi na kikohozi chake na matone yake.

Vidato vya chini vya ngazi

Daktari mwema haanzi na operesheni. Huanza na mambo manne yaliyo mepesi.

La kwanza ni kuuliza na kupima. Mkojo hupimwa kama una maambukizi, na damu hupimwa sukari, kwa kuwa kila moja ya hayo huweza kumfanya mtu akimbilie chooni. Mgonjwa huombwa pia kuandika daftari la siku tatu: amekunywa nini na kiasi gani, amekwenda haja ndogo saa ngapi, ametokwa lini, na alikuwa akifanya nini. Daftari hilo halihitaji mashine yoyote, na mara nyingi ndilo linaloonyesha aina ya tatizo.

La pili ni vinywaji na uzito. Chai ya rangi na kahawa zina kafeini, ambayo humchokoza mwenye kibofu chenye haraka. Kupunguza vikombe, hasa baada ya Magharibi, huwasaidia wengi. Lakini kuacha kunywa maji si tiba. Mkojo mzito hukiwasha kibofu, na ukosefu wa maji huleta kufunga choo, nako kufunga choo huzidisha tatizo. Mwenye uzito mkubwa akipungua, hata kidogo, shinikizo juu ya kibofu hupungua.

La tatu ni mazoezi. Mwaka 1948 daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Mwanamke hukaza misuli ile ile ambayo angeikaza kuzuia upepo usitoke, huihesabia sekunde chache, kisha huilegeza. Hurudia mara kadhaa, na hufanya hivyo kila siku. Hakuna anayemwona, na anaweza kufanya akiwa amekaa sebuleni au akisubiri wali uive. Matokeo huhitaji subira ya miezi mitatu au zaidi. Mazoezi haya humfaa sana mwanamke wa kwanza katika mfano wetu, na humsaidia wa pili pia kuituliza haja inapomjia ghafla.

La nne ni kukifunza kibofu kungoja. Anayekwenda kila baada ya saa moja hujizuia dakika kumi zaidi, akizoea huongeza nyingine kumi, mpaka afike saa tatu hivi.

Hayo yasipotosha, kwa mwenye kibofu chenye haraka kuna vidonge. Baadhi hukausha kinywa na kufunga choo, na kwa wazee vinaweza kuleta mkanganyiko wa mawazo. Ndiyo maana bibi wa miaka 75 hapaswi kumeza dawa za jirani. Baadhi ya vidonge hivyo humezwa mara moja tu kwa siku, kwa hivyo katika Ramadhani daktari anaweza kuupanga wakati wake uwe futari au daku.

Kidato cha juu: kifaa chenyewe

Mwanamke aliyepita vidato hivyo vyote na bado anaamka mara tano usiku hajafika mwisho wa njia. Tiba tatu hubaki. Moja ni sindano nyembamba inayochomwa karibu na kifundo cha mguu na kupitishwa umeme mdogo kwa dakika 30, mara moja kila wiki kwa wiki 12. Neva ya pale mguuni inatoka sehemu ile ile ya uti wa mgongo inayohudumia kibofu, kwa hivyo kuichochea hukituliza kibofu kwa mbali. Nyingine ni sindano za dawa iitwayo Botox, zinazochomwa ndani ya ukuta wa kibofu ili kuulegeza, na hurudiwa baada ya miezi kadhaa nguvu yake inapokwisha. Ya tatu ni kifaa cha kudumu.

Kifaa hiki kilianzia katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambako Emil Tanagho, daktari mzaliwa wa Misri, na mwenzake Richard Schmidt walichunguza kwa miaka mingi namna umeme mdogo kwenye neva za chini ya mgongo unavyoweza kukitawala kibofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kuwatibu wagonjwa kwa njia hiyo. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha tiba hii kwa wanaotokwa na mkojo kwa sababu ya haja ya ghafla. Mwaka 1999 iliongeza wanaokwenda haja mara nyingi mno na wale ambao kibofu chao hakimwagi bila ya kuwapo kizuizi. Mwaka 2011 ikaidhinishwa pia kwa wasioweza kuzuia haja kubwa. Si jambo la majaribio, basi, wala si uzushi wa matangazo.

Namna inavyofanywa ni hii. Daktari hupitisha waya mwembamba kwenye tundu la tatu la ule mfupa bapa, mpaka ukae kando ya neva. Hujua amefika mahali sawa kwa alama mbili: misuli ya sakafu ya nyonga hukaza, na kidole gumba cha mguu hujikunja. Waya huunganishwa na kifaa kidogo ambacho hutoa mapigo madogo ya umeme. Mapigo hayo hayakilazimishi kibofu kufanya lolote. Huzituliza habari zinazopita katika neva, ili ubongo upate tena nafasi ya kusema ngoja.

Hekima kubwa ya tiba hii ni kwamba huonjwa kabla ya kununuliwa. Kwanza mgonjwa hutiwa waya tu, na kifaa chenyewe hubaki nje ya mwili, kikivaliwa kiunoni. Huishi nacho nyumbani kwake kwa siku chache hadi wiki chache, akiendelea kuandika daftari lake. Ikiwa dalili zimepungua kwa nusu au zaidi, ndipo kifaa cha kudumu hutiwa chini ya ngozi, sehemu ya juu ya tako. Ikiwa hazikupungua, waya hutolewa na mgonjwa hurejea alivyokuwa. Mgonjwa asikubali kuirukia hatua hii ya kuonja kwa ajili ya kuokoa muda.

Faida na hasara kwa mizani moja

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliolinganisha kifaa hiki na sindano za Botox kwa wanawake zaidi ya 300 ambao tiba za awali hazikuwafaa. Katika muda wa miezi sita, waliochomwa sindano walipunguziwa wastani wa mara 3.9 za kutokwa kwa siku, na waliotiwa kifaa mara 3.3. Tofauti ni ndogo. Lakini maambukizi ya njia ya mkojo yaliwapata asilimia 35 ya waliochomwa sindano, dhidi ya asilimia 11 ya waliotiwa kifaa, na baadhi ya waliochomwa sindano walilazimika kutumia mpira wa kutoa mkojo kwa muda.

Kifaa nacho kina yake. Jeraha linaweza kuingia maambukizi, na pengine kifaa kizima kikalazimu kutolewa. Waya unaweza kusogea na nafuu ikapotea. Mahali palipotiwa kifaa panaweza kuuma. Betri isiyochajiwa ikiisha hubadilishwa kwa operesheni nyingine ndogo. Zipo zinazochajiwa kupitia juu ya ngozi, zilizotengenezwa kudumu miaka 15 au zaidi, lakini mwenyewe lazima akumbuke kuzichaji. Mwenye kifaa hupewa kadi ya kuonyesha uwanja wa ndege, jambo la kukumbukwa na anayekwenda Umra au Hija. Amwambie kila daktari kabla ya kupigwa picha za MRI, kwa kuwa si kila kifaa kinaruhusu picha hizo. Mwanamke ambaye bado anazaa aliseme hilo mapema, kwa kuwa kifaa kwa kawaida huzimwa akishika mimba.

Tohara na sala

Kwa mwanamke Mwislamu, mara nyingi uchungu mkubwa wa ugonjwa huu si nguo iliyolowa, bali ni sala. Wapo walioacha tarawehe, na wapo wanaoirudia Adhuhuri mara tatu mpaka Alasiri ikaingia. Sheria haikumtaka mgonjwa haya. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa mwambao, mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, hujifunga pedi au kitambaa, hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, na husali bila ya kuchelewa. Kinachomtoka baada ya hapo kwa sababu ya maradhi yake hakimharibii sala, naye hutia udhu mpya kwa fardhi nyingine. Wanavyuoni walimlinganisha na mwanamke mwenye damu ya istihadha, ambaye asili ya hukumu yake ni mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwa Fatima binti Abi Hubaysh. Anayetokwa mara moja moja tu hukumu yake ni nyingine, kwa hivyo kila mmoja amweleze mwanachuoni hali yake kama ilivyo.

Kuhusu kifaa chenyewe, kikishatiwa na jeraha kupona, kiko chini ya ngozi na hakizuii maji kufika popote, si katika udhu wala katika josho. Katika siku za kuonja, waya hutokea mgongoni na hufunikwa kwa bendeji isiyopaswa kulowa. Hapo si mahali pa udhu, hivyo udhu haubadiliki. Josho la faradhi ndilo lenye mushkili, na hukumu ya bendeji na tayamamu iulizwe kabla ya siku ya operesheni.

Ama haya, ina mahali pake. Mgonjwa anaweza kuomba daktari mwanamke akiwapo, au kufuatana na mumewe, dada yake au binti yake. Lakini isimzuie kusema. Mficha uchi hazai, walinena wazee, na daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Maswali ya kwenda nayo

Kifaa hiki ni ghali, na gharama yake haiishi siku ya operesheni. Mapigo ya umeme hurekebishwa mara kwa mara na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa hivyo, kabla ya kuitisha mchango wa familia, mwendee daktari bingwa wa njia ya mkojo na umuulize haya.

Tatizo langu ni la mlango, la mazungumzo, au ni yote mawili? Je, nimekwisha kupita vidato vyote vya chini kwa muda unaotosha? Nitapewa muda gani wa kuonja, na nusu ya nafuu itapimwa vipi? Nani atakirekebisha kifaa nikirudi nyumbani, na yuko mji gani? Betri ni ya aina gani, na ikiisha nitalipa nini? Bima yangu italipia sehemu ipi? Asiyepata jibu la swali la nne hasa, asiharakishe kulipa.

Na kuna wasiopaswa kungoja orodha yoyote. Mwenye kuona damu kwenye mkojo amwone daktari upesi. Anayeshindwa ghafla kukojoa kabisa, au anayepata ganzi baina ya mapaja pamoja na maumivu ya mgongo na miguu kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu neva zinaweza kuwa zimebanwa na kila saa ina thamani yake.

Kwa wengine wote, kazi ya kwanza ni nyepesi. Binti amnunulie mamaye daftari dogo, na pamoja nalo kikombe chenye alama za kupimia. Mume, akiona mkewe amekatiza safari au ameikimbia karamu, asimshutumu bali amuulize kwa upole wakiwa wawili. Siku tatu za kuandika zikitimia, daftari lipelekwe zahanati iliyo karibu. Wengi, inshallah, watapata nafuu katika vidato vya chini na hawatahitaji operesheni. Atakayeihitaji atafika kwa bingwa akiwa na ushahidi wake mkononi, na fedha za jamaa zake zitatumika mahali panapostahili.